Nambari 116, mpaka Nungwi

Kutoka Masasi kupanda Newala ni kama kilomita 70. Kutoka mjini Unguja hadi Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, ni karibu 60. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu Januari, nilipowaaga majirani zangu pale Newala kwamba nakwenda kumtazama mwanangu anayepika katika hoteli moja ya Nungwi, karibu wote waliniuliza swali lile lile: "Mwalimu, kule utatembeaje bila dola?" Unguja tunaijua kwa picha za kalenda, mchanga mweupe na Mzungu kwenye kiti cha kulalia. Anayeishi huko na kwenda sokoni kila siku hatumwoni kwenye picha.

Nimekaa siku sita. Pesa ilikuwa ya korosho, ile iliyobaki baada ya ada za wajukuu, na kisiwa nimekizunguka kwa daladala tu.

Njia ya kwenda wengi wetu tunaijua mpaka Dar es Salaam: basi la alfajiri kutoka Masasi, Lindi unaipita pembeni, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na Mbagala Rangi Tatu unashuka miguu imevimba. Nikalala kwa mdogo wangu. Asubuhi bandarini, kitambulisho cha taifa mkononi kwa ajili ya tiketi, halafu boti ya kasi, ambayo inachukua saa mbili hivi.

Mjini nilifikia nyumba ya wageni ambayo sitaitaja. Kijana wa mapokezi aliniambia Nungwi haina usafiri ila teksi, na tayari alikuwa ameshika simu amwite dereva. Bei aliyoitaja ingenirudisha Masasi na chenji ikabaki. Nikamshukuru, nikatoka, nikamuuliza mama aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni pa jirani. Hakuacha hata kugeuza andazi. "Nenda Kijangwani, dada yangu, upande mia na kumi na sita." Nauli haikufika shilingi elfu tatu.

Hapo ndipo msomaji anapopaswa kushika kalamu. Daladala za Unguja zina nambari, na tarakimu ya kwanza inakwambia upande unaokwenda. Zinazoanza na 1 ni za kaskazini: 116 Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe. Zinazoanza na 2 ni za kati na mashariki. Za 3 ni za kusini: 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi. Za 5 hazitoki nje ya mji na viunga vyake. 502 inakwenda Bububu, 505 Uwanja wa Ndege. Ukishika hayo umekishika kisiwa chote, maana urefu wake ni kilomita 85 hivi na barabara kubwa zote zinaanzia mjini. Angalizo moja: kila kisicho mji, wao wanakiita shamba, hata kama kimejaa hoteli. Ukisikia "gari za shamba", ndizo hizo unazozitaka. Na usichelewe huko. Jua likikaribia kuzama, gari za kurudi zinakuwa za kubahatisha.

Gari lenyewe nataka nilieleze vizuri. Ziko hiace na coaster kama zetu, lakini zile za zamani za shamba ni malori madogo yaliyojengewa bodi, paa la chini, ubavu wazi wenye turubai la kuteremsha mvua ikinyesha. Unaingilia nyuma, umeinama. Ndani kuna mabenchi mawili marefu yanayotazamana. Kwenye hiace ya Masasi–Newala mimi natazama kisogo cha mtu kilomita zote 70, na nikimjua nimemjua kwa kofia yake. Hapa magoti yangu yaligusana na magoti ya bibi mmoja wa makamo yangu, kikapu cha dagaa kati ya miguu yake, na haiwezekani kukaa hivyo na mtu bila kumsalimu. Kila aliyepanda alisema "Asalaam aleikum" kwa gari zima, na gari zima likaitikia. Kondakta, kijana mwembamba aliyesimama nje kwenye ngazi, alipiga bodi kwa kiganja mara mbili, tukaondoka. Juu ya paa kulikuwa na magunia, ndoo za rangi, na mlango mzima wa mbao.

Mahonda tukasimama. Pale Kinyasini mtu alimpa kondakta bahasha na jina la mwalimu wa skuli fulani mbele. Kijana aliipachika kiunoni, na tulipofika alishuka akakimbia nayo mpaka getini, sisi tukimsubiri. Hakuna aliyelalamika. Na kwetu ni hivyo hivyo: dawa za mama yangu zimepanda Newala mara nyingi mikononi mwa kondakta nisiyemjua jina.

Siku ya tatu nilichukua 309 ya Jambiani. Barabara inapita katikati ya msitu wa Jozani, na hapo matuta ni mengi kwa ajili ya kima punju, mbega wekundu wasiopatikana popote duniani ila Zanzibar, wanaovuka lami wapendavyo. Aliyeketi mbele yangu analima mwani. Nilipomwambia natoka Newala aliuliza bei ya korosho kabla hajaniuliza habari za nyumbani. Nikamweleza mnada, stakabadhi ghalani, na jinsi tunavyosubiri malipo. Naye akanieleza bahari: maji yakipwa wanaingia wanawake kufunga mbegu kwenye kamba, maji yakijaa wanatoka, na bei ya mwani mkavu anaijulia kwa mnunuzi siku ya kupima. Tulielewana mno. Teksi isingenikutanisha naye.

Lakini safari niliyoitaka moyoni ilikuwa fupi kuliko zote. Nimebatizwa Masasi, na tangu utoto nasikia kwamba misheni yetu ilianzishwa mwaka 1876 na watu waliotoka Unguja. Askofu Edward Steere aliondoka kisiwani na kundi la wanaume na wanawake waliokombolewa utumwani, wakapanda meli mpaka Lindi, na kutoka Lindi wakatembea kwa miguu mpaka Masasi. Kaburi la Steere nililiona Mkunazini, ndani ya kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Ila wale watu wake walikuwa wakiishi Mbweni, kwenye shamba la misheni.

Nikapanda 505. Nilimwambia kondakta anishushe njia ya Mbweni, naye akamwagiza mwanafunzi wa kike anayeshuka hapo anionyeshe. Tulitembea chini ya miembe mpaka kanisa la Mtakatifu Yohana. Karibu na pwani yamebaki magofu ya skuli ya wasichana, ile iliyosimamiwa kwa miaka mingi na Mwingereza Caroline Thackeray. Mimi nimefundisha darasa la tatu miaka 31. Niliingia kwenye chumba kisicho na paa, nikajikuta natafuta ubao ungekuwa ukuta gani.

"Bibi, kwani kwenu ni mbali?" msichana aliniuliza.

Nikamwambia ni boti, halafu basi la kutwa nzima, halafu hiace ya kupanda mlima. Nikamwambia pia kwamba waliotoka hapa kwenda kwetu, kuanzia Lindi hawakuwa na gari.

Akatazama bahari, akatazama viatu vyangu. Kisha akaniambia tuwahi barabarani, maana jioni 505 zinapita zimejaa. Mbili zilipita hivyo hivyo. Ya tatu ikasimama, watu wakasogea.