Miti Kando ya Barabara

Msafiri apitaye barabara za udongo za milimani, kama zile za Limuru au Nyeri, huona jambo moja mara kwa mara. Mvua ikiisha, kesho yake sehemu iliyo wazi imekwisha kukauka, lakini penye miti mirefu pande zote mbili pangali matope, na lori la majani ya chai limekwama papo hapo. Majani hayo hayangoji. Yakichelewa kufika kiwandani huharibika, na hasara ni ya mkulima.

Sababu si kivuli peke yake. Mvua ikikatika, matawi huendelea kudondosha matone mazito juu ya njia, tena miti huzuia upepo ambao ungeikausha. Majani yaangukayo huziba mitaro, na maji yakikosa pa kupita hurudi barabarani. Udongo ulioloa hauwezi kuchukua gurudumu; hufanyika shimo, shimo hushika maji, na kila gari hulichimba zaidi. Greda hulisawazisha, lakini mtaro usipozibuliwa shimo hurudi.

Hata hivyo, kukata miti yote si dawa. Wakati wa kiangazi upepo na magari huondoa vumbi laini lishikalo kokoto za maramu, zikabaki zimelegea. Kivuli kidogo huhifadhi unyevu, na mizizi hushika kingo zilizochongwa mlimani zisiporomoke. Lakini mikaratusi, iliyoletwa Kenya mwaka 1902 kwa kuni za gari la moshi, hunywa maji mengi. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi hukausha ardhi hata ikapasuka na ukingo wa barabara ukashuka. Afadhali mgrivea, ambao Wakikuyu huuita mukima, kwani huvumilia kupogolewa.

Wachache hutazama jua. Barabara iendayo kaskazini na kusini, yenye miti kila upande, hupata jua saa chache tu za adhuhuri. Iendayo mashariki na magharibi hulipata zaidi, ila kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua huwa kaskazini, nao ndio wakati wa masika na baridi ya Julai. Basi miti ya upande wa kaskazini hutia barabara kivuli wakati usiofaa kabisa. Ya kusini hufanya hivyo Januari, jua likiwa kali. Mvua za vuli hazina budi kuvumiliwa.

Mti na upandwe ndani ya shamba, mbali na mtaro, na matawi ya chini yakatwe kabla ya Machi. Kuni zake hazipotei.