Majina ya Viungo vya Mashine Kuukuu ya Useremala: Mafunzo kutoka Karakana za Same

1. Utangulizi

Istilahi nyingi huanzia ofisini na darasani, kisha hupelekwa karakanani. Katika makala haya tumekusudia kushika njia iliyo kinyume cha hiyo, yaani kuanzia karakanani na kuishia mezani pa mfasiri.

Mji wa Same uko chini ya Milima ya Upare, kando ya reli na barabara kuu inayounganisha Moshi na pwani. Mahali kama hapo mbao hushuka kutoka milimani, na mashine kuukuu hupanda kutoka bandarini. Miongoni mwa mashine hizo imo ile ya useremala inayojumlisha kazi nyingi katika kiunzi kimoja: kusawazisha uso wa ubao, kulinganisha unene, kupasua, kukata, kutoboa matundu ya viungo na kuchonga kingo. Mashine za namna hii zilitengenezwa Ulaya katika karne ya 20 kwa ajili ya karakana ndogo zisizomudu kununua mashine nne au tano mbalimbali. Mara nyingi humfikia fundi wa kwetu bila kitabu cha maelezo. Na kitabu kikiwapo, huwa kwa lugha ya kigeni. Hapo ndipo mfasiri anapohitajika, na hapo ndipo kosa la neno moja linapoweza kumpotezea mtu vidole.

2. Matengenezo, utunzaji na ukarabati

Katika barua na makisio ya fedha, maneno haya matatu hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni neno moja. Si sahihi. *Utunzaji* ni kazi ya kila siku na kila wiki inayofanywa kabla ya kitu kuharibika: kufagia vumbi, kutia mafuta, kukaza mkanda, kunoa visu. *Matengenezo* ni kurudisha katika hali yake kiungo kilichoharibika. *Ukarabati* ni kuifungua mashine nzima iliyochakaa, kukipima kila kiungo, kuondoa kutu, kubadili kilichokwisha na kuiunga upya. Mwalimu wa shule ya ufundi anayeomba fedha za matengenezo, ilhali haja yake ni ukarabati, atapewa fedha za mkanda mmoja. Na asiyetenga fedha za utunzaji atarudi kuomba za ukarabati baada ya miaka michache.

3. Chuma cha kufua na chuma cha kusubu

Upare una historia ndefu ya chuma. Ukoo wa Washana wa Upare ya Kaskazini ulisifika kwa uhunzi kabla ya ukoloni, na Profesa Isaria Kimambo aliieleza historia hiyo katika kitabu chake kuhusu Wapare kilichotolewa mwaka 1969. Mhunzi *hufua* chuma, yaani hukipasha moto na kukiponda kwa nyundo mpaka kipate umbo. Lakini meza ya mashine ya useremala kwa kawaida haikufuliwa, bali *imesubiwa*: chuma kiliyeyushwa, kikamiminwa katika kalibu.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Chuma cha kufua hupinda, hali chuma cha kusubu huvunjika. Mfasiri akiandika "chuma" tu, fundi aliyezoea kunyoosha vyuma kwa nyundo anaweza kuigonga meza iliyopinda kidogo, ikapasuka. Kuunga ufa wa chuma cha kusubu kwa moto ni kazi ngumu, kwa kuwa chuma hicho kikipoa upesi hupasuka tena pembeni mwa kiungo. Ndiyo maana mnunuzi wa mashine kuukuu hutakiwa kwanza kutazama nyufa, kabla ya kutazama kutu. Kutu ya juu juu huondoka kwa mafuta ya taa na msasa laini uliofungwa kwenye kipande bapa cha mbao, kisha meza hupakwa nta ili ubao uteleze.

4. Meza mbili za randa

*Randa* ni neno lililokwisha kukaa katika lugha yetu; asili yake ni Kiajemi. Randa ya mashine ina meza mbili, na katikati yake huzunguka ngoma yenye visu. Tumepata kuona zikiitwa "meza ya mbele" na "meza ya nyuma". Majina haya hayafai, kwa sababu mbele na nyuma hutegemea mahali aliposimama msemaji. Twapendekeza *meza ya kuingizia* na *meza ya kutolea*, kwa kuwa ubao wenyewe ndio unaoonyesha maana.

Faida yake huonekana wakati wa kurekebisha. Meza ya kutolea lazima ilingane na ncha za visu vinapofika juu kabisa. Meza ya kuingizia huwa chini kidogo, kwa kadiri ya unene unaotakiwa kuondolewa. Meza ya kutolea ikizidi kimo, ubao hugota na kukwama. Ikipungua, mwisho wa ubao huliwa shimo. Mtu aliyezichanganya meza hizi katika kusoma maelezo ataharibu mbao nyingi kabla ya kutambua kwamba kosa ni la neno, wala si la mashine.

5. Kabari ya msumeno

Hapa tumefika kwenye jambo lenye hatari kuliko yote. Nyuma ya msumeno wa duara husimama bapa jembamba la chuma lisilo na makali. Katika Kiingereza bapa hilo huitwa kwa jina la kisu, na wafasiri wengine wamefuata: "kisu cha nyuma", "kisu cha kupasulia". Fundi anayekisoma kitabu huona kisu butu, akakinoa au akakitupa. Kumbe kazi ya bapa hilo si kukata. Hukaa ndani ya mpasuo ili pande mbili za ubao zisibane msumeno. Zikibana, meno yanayopanda nyuma huunyanyua ubao na kumrushia fundi, na mkono wake waweza kuvutwa kwenye meno.

Jina lake tunalo tayari. Wapasuaji wa mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mwenziwe chini, walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika misitu ya Upare, hata katika Msitu wa Chome unaozunguka kilele cha Shengena, ambao siku hizi ni hifadhi. Mpasuaji akiona gogo linabana msumeno, hupachika *kabari* katika mpasuo. Bapa la mashine hufanya kazi ile ile. Twapendekeza basi liitwe *kabari ya msumeno*. Hakuna fundi atakayeinoa kabari, na anayejua kazi yake hataitupa. Unene wake uzidi ule wa bapa la msumeno, lakini upungue upana wa mpasuo. Na umbali wake kutoka kwenye meno, usawa wa meza, usizidi milimita 8.

Tuongeze kwamba *kupasua* na *kukata* visichanganywe. Kupasua ni kufuata nyuzi za mti; kukata ni kuzikingama. Kiswahili hutenga kwa vitenzi viwili kazi ambazo meno yake nayo ni mbalimbali.

6. Kapi, beringi na hezi

Si kila jina litapatikana katika ufundi wa zamani. Gurudumu linalobeba mkanda lina jina la mabaharia, *kapi*, nalo latosha. Mota inayozunguka mara 2,850 kwa dakika, ikiwa na kapi ya milimita 150, na ngoma ya visu ikiwa na kapi ya milimita 100, itaizungusha ngoma mara 4,275. Anayebadili kapi bila kufanya hesabu hii hujitafutia balaa.

Umeme nao una "mizunguko". Mota ya Marekani iliyotengenezwa kwa umeme wa 60, ikifungwa kwetu penye 50, hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita. Ili msomaji asichanganye mizunguko ya umeme na ya mota, ya umeme na iitwe *hezi*.

*Beringi* tumelikopa, na tuliache. Kiungo hiki kina funzo kubwa kwetu. Kilichochongwa namba 6205 kina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na upana wa milimita 15, kiwanda chochote kilichokitengeneza. Fundi wa Same husafisha ya zamani, husoma namba, hununua mpya, nayo huingia. Huo ndio usanifishaji: alama moja kwa kitu kimoja, kila mahali. Maneno yetu bado hayajafika hapo.

7. Hitimisho

Kwa muhtasari, twapendekeza: *meza ya kuingizia*, *meza ya kutolea*, *kabari ya msumeno*, *chuma cha kusubu*, *kapi*, *beringi* na *hezi*, tena *utunzaji*, *matengenezo* na *ukarabati* yatumiwe kila moja kwa maana yake. Kipimo tulichotumia ni kimoja: je, fundi aliyesimama mbele ya mashine, akilisikia jina, atajua la kufanya na la kutofanya? Twawaomba wafasiri, kabla ya kuunda neno jipya, waende karakana iliyo jirani wakaulize kitu hicho kinafanya kazi gani, na mafundi wanakiitaje. Wakilikuta jina lililo wazi, walichukue. Wakilikosa, wakope bila haya.