TAA KUBWA YA KUMULIKA ZIWA: NAMNA YA KUIHESABU NA KUITENGENEZA NYUMBANI



Sisi wana Pweto tunajua giza la ziwa. Ziwa Mweru lina urefu wa km 130 hivi, na usiku usio na mwezi, mvuvi akizimikiwa na taa hana alama ya kumwonyesha fasi ya kutokea. Upepo wa masika ukisimama kwa ghafula, anapiga kasia bila kujua kama anaenda inchi kavu ama anarudi katikati ya maji. Na hapa kwetu kuko hatari ya pili: mto Luvua unatoka ziwani papa hapa, maji yanavuta, na mbele yake ni maporomoko.

Njo sababu sisi wa mwaka wa sita wa sayansi tunaulizwaka mara nyingi: "Ninyi mwenye kusoma fizika, hamuwezi kutengeneza toroshi kubwa ya kumulika ziwa?" Jibu letu: inawezekana, na vitu vyake vingi vinapatikana. Lakini kwanza tuelewe kazi yenyewe, juu mtu anayenunua vitu mbele ya kuhesabu anapoteza makuta yake bure.

1. KIOO HAKIZAI MWANGA

Watu wengi wanafikiri taa kubwa ni ampuli kubwa. Sivyo. Ampuli inatupa mwanga pande zote: juu, chini, nyuma. Mwanga unaoenda mbali ni kidogo tu. Kioo cha nyuma ya taa hakiongezi mwanga hata kidogo. Kinaukusanya na kuutuma upande mmoja.

Umbo linalofanya kazi hiyo vizuri linaitwa parabola. Ukiweka taa ndogo mahali pamoja panapoitwa foyeri, kila mshale wa mwanga unaogonga kioo unarudi ukiwa sambamba na wenzake. Ni umbo lile lile la antena za televisheni ambazo watu wanaita "parabole". Antena inakusanya mawimbi kutoka mbali na kuyaleta foyeri; taa yetu inafanya kinyume, inatoa mwanga foyeri na kuupeleka mbali.

Wazungu walijua jambo hili zamani. Katika mwaka 1876 Kanali Alphonse Mangin wa Ufaransa alikuwa amekwisha kubuni kioo cha pekee kwa ajili ya taa za jeshi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Waamerika walikuwa na taa zenye kioo cha cm 150, na nguvu yake ilikuwa kandela milioni 800. Ndani hamkuwa ampuli kubwa. Mlikuwa na vijiti viwili vya kaboni, umeme ukiruka katikati yao. Moto mdogo sana lakini mkali sana. Siri njo hiyo: chanzo kiwe kidogo na kikali.

2. TUTAFUTE FOYERI

Tuchukue antena kuukuu ya duara, upana cm 180, ile ya zamani yenye kuwa na mkono katikati. (Antena ndogo za siku hizi zina foyeri pembeni, hesabu yake ni ngumu zaidi, tuziache.) Nyosha kamba toka ukingo mpaka ukingo, halafu pima kina toka kamba mpaka katikati ya sahani. Tuseme umepata cm 30.

Zidisha upana kwa upana, gawanya kwa mara 16 ya kina:

180 x 180 = 32,400
16 x 30 = 480
32,400 : 480 = 67.5

Basi taa itakaa cm 67.5 mbele ya katikati ya sahani. Ukikosa kwa cm chache, mwanga utatawanyika. Kwa hiyo mkono wa kushika taa uwe na bulo za kusogeza mbele na nyuma.

3. TAA NA VIPANDE VYA KIOO

Leo hatuhitaji vijiti vya kaboni. Kuko taa za LED za wati 100 zenye kutoa lumeni 10,000 hivi toka fasi yenye upana wa cm 3 tu. Ukiigeuza itazame sahani yetu, karibu sehemu 85 juu ya 100 za mwanga wake zinagonga kioo. Zilizobaki zinapita pembeni.

Sahani ya antena haing'ai; lazima kuivika kioo. Karatasi ya fedha ya jikoni inajikunja na kuharibu yote. Sisi tunashauri vipande vya kioo cha kujitazamia. Lakini vya ukubwa gani? Hapa watu wengi wanadanganyika.

Kipande cha kioo ni bapa, na sahani imepinda. Kwa hiyo kila kipande kinaongeza upana wake juu ya upana wa taa. Taa ya cm 3 na vipande vya cm 5 ni sawa na taa ya cm 8: mwanga utapanuka mita 119 kwa kila kilometa. Taa ile ile na vipande vya cm 2 ni sawa na cm 5: utapanuka mita 74 tu. Vipande vidogo ni kazi mingi, lakini mwanga unakuwa mkali zaidi ya mara mbili, bila kulipa batri ingine.

Ngozi yote ya sahani yetu ina cm za mraba 28,000 hivi. Kila kipande cha cm 2 kwa 2 kina 4. Basi tunahitaji vipande 7,000. Mtu mmoja atachoka na kuacha. Lakini darasa la wanafunzi 40 litagawana vipande 175 kwa kila mmoja, na kazi itaisha. Kukata kioo ni kwa glovu na miwani, na mwalimu akiwa karibu.

Tukihesabu mwanga unaopotea katika kioo, taa yetu itafika kandela milioni moja na nusu. Ni mara 500 hivi chini ya ile ya vita. Msicheke: gari lenye taa ndefu linatoa kandela elfu makumi tu.

4. UMEME NA MOTO

Wati 100 kwa batri ya volti 12, pamoja na kile kinachopotea katika kisanduku cha kupandisha volti, ni ampea 10 hivi. Batri ya ampea-saa 100 tusiitumie zaidi ya nusu, isije ikafa mbele ya wakati. Basi tuna saa 5 za kumulika. Kuijaza tena kwa siku moja, pano ya jua ya wati 200 inatosha.

LED inapata moto sana. Sehemu kubwa ya wati 100 inageuka joto, na bila chuma cha kupoza itaungua kwa dakika chache. Ifungwe juu ya kipande kikubwa cha aluminiyumu chenye mapezi, pamoja na feni ya ordinateri iliyokufa. Hiki chuma kitaziba sehemu ndogo tu ya mwanga.

Sahani isimame juu ya kitovu cha gurudumu la gari, ili igeuke vizuri, na mguu wake uzikwe katika beto. Upepo wa km 72 kwa saa unasukuma sahani hii kwa nguvu ya kama kg 80.

5. UREFU UNASHINDA NGUVU

Hapa njo penye faida kubwa kuliko pote. Dunia ni mviringo, na maji ya ziwa yanafuata mviringo huo. Taa iliyo chini inafichwa na maji yenyewe, hata ikiwa na nguvu ya namna gani. Hesabu ni rahisi: tafuta kipeo cha pili cha urefu wa taa kwa mita, zidisha kwa 3.6, unapata kilometa. Halafu ongeza 3.6 kwa ajili ya mvuvi, macho yake yakiwa mita 1 juu ya maji.

- Taa mita 1 juu ya maji: 3.6 + 3.6 = km 7.
- Taa juu ya mnara wa mita 16: 14.4 + 3.6 = km 18.
- Taa juu ya kilima, mita 100 juu ya maji: 36 + 3.6 = karibu km 40.

Mnaona? Kuzidisha nguvu ya taa mara kumi hakuongezi hata kilometa moja kwa mtu ambaye mviringo wa dunia umemficha. Kupanda kilima kunaongeza kilometa 33, bila kununua kitu.

Tena, mwanga mwembamba unamsaidia tu yule aliye ndani yake. Kwa umbali wa km 5 mwanga wetu una upana wa mita 370. Mtu aliye pembeni anaona kidogo sana. Kwa hiyo lazima mtu aigeuze polepole toka upande mmoja wa ziwa mpaka mwingine. Na iwake kwa alama: sekunde 10 katika kila dakika. Juu ya nini? Katika kiangazi vilima vinaungua usiku, na ziwani kuko taa mingi za wenye kuvua. Taa isiyozimika inafanana na moto wa pori. Ile yenye kuwaka na kuzimika kwa hesabu, mvuvi anajua: ni watu, na ni inchi kavu. Batri nayo inafaidika: saa 5 zinakuwa saa 30, ni kusema usiku tatu za saa kumi.

6. HATARI TATU

Ya kwanza ni jua. Sahani yenye kioo ikitazama jua inakusanya zaidi ya wati 2,000 katika fasi ndogo, kama majiko mawili ya umeme. Itachoma LED, itachoma nguo, itapofusha jicho la mtoto anayechungulia. Mchana ifunikwe kwa bashi nzito na kugeuzwa chini. Hii si shauri, ni amri.

Ya pili ni watu wa chisense. Wao wanakusanya samaki kwa taa zao, na tunajua kama mwezi ukiwa mkubwa wanapata kidogo. Mwanga wetu ukikaa juu ya mashua zao tutawanyima chakula. Tupatane nao mbele ya kuanza, na usiku mtulivu taa izimwe.

Ya tatu ni mpaka. Ng'ambo ni Zambia. Watu wa hapa hawajasahau Desemba 2000, vita ilipofika Pweto na wengi wakavuka kukimbilia kule. Mwanga mkali unaotembea juu ya maji usiku unaweza kuwatisha askari wa huku na wa kule. Basi barua kwa Msimamizi wa Teritware na kwa jeshi la maji itangulie mbele ya kipande cha kwanza cha kioo. Wala tusimulike juu, kwa sababu ya ndege.

MWISHO

Ndugu zetu, hatukusema kama taa hii itazuia kila kifo. Mvuvi aendelee kuchukua toroshi yake na bidoni tupu ya kumwelesha. Lakini usiku mmoja wa upepo, mtu aliyepotea akiona alama ile mara moja tu, atajua wapi aelekeze mashua.

Katika Matayo 5 Bwana wetu anafundisha habari za taa na kinara chake. Hesabu ya kilometa 40 hapo juu inatuonyesha kwamba kinara si mapambo: ni nusu ya kazi.

Mwenye antena kuukuu nyumbani, mwenye kioo kilichopasuka, asitupe. Alete kwa mwalimu wa fizika siku ya posho mchana, baada ya kazi ya mikono.

Capita, kwa jina la wanafunzi wa Mwaka wa Sita