Vyombo Vipya na Sauti ya Studio za Nyumbani Bagira

Katika nyumba za matofali za Bagira, mtaa wa Bukavu ambao sehemu yake kubwa ilijengwa katika miaka ya 1950 na ile Ofisi ya Miji ya Waafrika iliyoundwa na serikali ya Kibelgiji mwaka 1952, leo hukosi kukuta chumba ambamo kijana ameweka kompyuta, mikrofoni moja na kasike ya masikioni, akawarekodia jirani zake nyimbo za kanisa, rumba na rap ya Kiswahili. Swali linaloulizwa sana katika vyumba hivyo, tena kwa uchungu kwa kuwa fedha ni haba, ni hili: je, nikinunua vyombo vya thamani zaidi, muziki wangu utapendeza zaidi? Nasadiki kwamba chombo bora hakizui uzuri ambao haukuwapo. Kazi yake ni kuondoa kizuizi, na mtu asiyejua kizuizi chake kiko wapi hununua upande usio na haja.

Tuanze na mikrofoni, maana ndiyo inayotamaniwa kuliko vyote. Kila mikrofoni ya kondensa ina mvumo wake wa asili, ambao katika zile za bei nafuu huwa karibu na desibeli 20, hali katika zile za ghali hushuka hata karibu na 5. Tofauti hiyo ina maana kubwa katika studio iliyozibwa barabara. Lakini chumba cha makazi, hata saa ya utulivu, aghalabu huwa na kelele za desibeli 30 au zaidi, basi mvumo wa mikrofoni zote mbili huzama chini ya kelele hizo, na hakuna sikio liwezalo kuupambanua. Hata kadi ya sauti ya bei ya chini leo hurekodi kwa biti 24, hali CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 na kuridhisha ulimwengu mzima, ilitosheka na biti 16. Kwa hiyo si hapo penye upungufu. Upungufu umo katika kuta tupu zinazorudisha mwangwi, katika kwaya ya kanisa la karibu, na katika mabati, ambayo mvua ya Bukavu huyapiga tangu Septemba hadi Mei. Na mikrofoni kadiri inavyozidi ubora ndivyo inavyozidi kuyanasa hayo yote kwa uaminifu.

Wengi hutumaini kupata dawa kwa kubandika trei za mayai ukutani. Trei hizo hupunguza akali ya mwangwi wa sauti nyembamba, lakini hazizuii kelele ya nje wala haziigusi besi, na ni nyepesi kushika moto. Mablanketi mazito yaliyotundikwa nyuma na pembeni mwa mwimbaji, au godoro lililosimamishwa, hufaa zaidi. Tena kuna tiba isiyogharimu hata faranga moja: mwimbaji aliyesimama sentimita 60 mbali na mikrofoni, akisogea hata zibaki 15, sauti yake huongezeka kwa desibeli 12 hali kelele za chumba zimebaki palepale. Sijui chombo chochote dukani kiwezacho kuleta faida kiasi hicho kwa fedha ambayo kijana wa Bagira anaweza kuidunduliza kwa mwaka mzima.

Ushahidi wa jambo hili haukosekani katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa aliyeimba kwa Kiswahili, kule Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, kwa vyombo ambavyo mwanafunzi wa leo angevidharau. Walakini rekodi zile zingali zinasikilizwa na wapiga gitaa wa mabara mengi, kwa sababu vidole vya Mwenda vilikuwa na ustadi, na Tracey alikuwa hodari wa kuisogeza mikrofoni karibu na pale sauti inapozaliwa. Na mwaka 2009 wanamuziki wa bendi ya Staff Benda Bilili wa Kinshasa walitoa albamu yao *Très Très Fort*, ambayo sehemu yake kubwa ilirekodiwa nje, katika bustani ya wanyama, kwa kompyuta ya mkononi.

Sisemi kwamba kununua ni bure daima. Wapo wanaoumizwa hasa na kile wanachosikilizia: spika ndogo za kompyuta hazitoi besi ya chini, basi mtengenezaji, kwa kutoisikia, huizidisha, na wimbo ukipigwa harusini katika spika kubwa, besi hufunika maneno yote. Spika za studio nazo, zikiwekwa katika chumba chenye upana wa mita 3, hudanganya, kwa kuwa kuta mbili zinazokabiliana hukuza sauti za karibu na hezi 57. Ndiyo maana kasike nzuri, ambayo haikijui chumba, humfaa mwenye chumba kidogo kuliko spika za gharama.

Kisha kuna umeme. Vituo vya mto Ruzizi, cha kwanza kikiwa cha mwishoni mwa miaka ya 1950 na cha pili cha mwaka 1989, vimezidiwa na ukuaji wa mji, na delestaji, yaani ukataji wa umeme kwa zamu, humkatiza mwimbaji katikati ya ubeti. Hata umeme unapokuwapo, waya usio na ardhi huingiza mvumo wa hezi 50 katika rekodi. Kompyuta ikirekodi kwa betri yake yenyewe, mvumo huo aghalabu hutoweka.

Basi ewe uliyedunduliza fedha, kabla hujashuka kwenda dukani, rekodi dakika moja ya ukimya chumbani mwako, uisikilize kwa kasike, sauti ikiwa juu. Ukisikia jirani, nunua mablanketi. Ukisikia mvumo wa umeme, nunua betri. Na usiposikia kitu, hapo ndipo mikrofoni mpya itakapostahili fedha yako.