Kalamu Nyekundu na Dakika Tano

Mwalimu anayerudisha daftari la insha likiwa limejaa wino mwekundu amefanya kazi kubwa, lakini huenda mwanafunzi asiambulie kitu. Mwaka 1982 Nancy Sommers, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba maoni mengi ya walimu wa vyuo vikuu yangeweza kuhamishwa kutoka insha hii hadi ile bila kubadili neno. Sisi tuna “ongeza bidii”, inayomwacha mtoto hajui aanzie wapi.

Je, kuzungumza kunafaa zaidi? Utafiti ninaouthamini kuliko yote ulifanyika New Zealand, ukachapishwa 2005. John Bitchener na wenzake waliwafuatilia wahamiaji watu wazima 53 waliokuwa wakijifunza Kiingereza, kwa wiki 12. Kundi moja lilisahihishiwa makosa ya sarufi kwa maandishi, kisha kila mmoja akaketi na mtafiti dakika 5. La pili lilipata maandishi tu. La tatu halikusahihishiwa makosa hayo ya sarufi. Waliopata vyote viwili walipiga hatua katika kutumia wakati uliopita na neno “the”, hata kwenye insha mpya. Kwenye vihusishi, hapakuwa na tofauti.

Hapo kwenye vihusishi ndipo penye somo. Wakati uliopita una kanuni: mwanafunzi akielezwa, akauliza, akajibiwa, anaondoka nayo. Vihusishi vya Kiingereza hujengwa na mazoea ya miaka, na mazungumzo mafupi hayawezi kuyaharakisha. Kwa hiyo aina ya kosa ndiyo iamue njia.

Sauti nayo ina udhaifu wake. Mwanasaikolojia Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba akili hushika kwa wakati mmoja mambo kama manne hivi. Mwalimu anayetuma ujumbe wa sauti wenye masahihisho kumi anamzamisha mwanafunzi, tena bila mstari wa kurejea. Alama ya kalamu hubaki pale pale penye kosa.

Najua darasa la wanafunzi 60 linatisha: dakika 5 kwa kila mmoja ni saa 5 nzima. Basi mwalimu achague kosa moja lenye kanuni, aliwekee alama tu, na mwanafunzi aje na daftari pamoja na swali lake mwenyewe. Wakiitwa 12 kwa wiki, hiyo ni saa 1, na katika wiki ya tano wote watakuwa wamesikilizwa.