Mwezeshaji wa kikundi: kazi yake ni ipi, na ujuzi wake unajengwaje?

Kikundi cha hisa kinaweza kuwa na sanduku lenye kufuli tatu, daftari safi na katiba iliyosainiwa na kila mwanachama, na bado kikavunjika kwa sababu ya kikao kimoja kilichoendeshwa vibaya. Katika makala haya tunaeleza kazi ya mwezeshaji wa kikundi, kikao kinapofanyika ana kwa ana na kinapofanyika kwa simu.

Mwezeshaji si mwenyekiti

Mwenyekiti ni kiongozi. Ana kura, ana msimamo, na uamuzi ukiharibika anaulizwa. Mwezeshaji anashughulikia njia ya kufikia uamuzi: nani amesikika, nani bado, swali limeeleweka au la, na kilichokubaliwa ni nini hasa. Akianza kutetea upande mmoja, kazi yake imekwisha. Ndiyo maana kikao kinapogusa fedha au ugomvi, ni vizuri mwenyekiti ampishe mtu mwingine aendeshe mazungumzo.

Mkopo ambao haujarejeshwa

Tuchukulie kikundi cha watu 25 kilichopo Chidya, wilayani Masasi. Mwanachama mmoja hajarejesha mkopo wake kwa sababu mikorosho yake ilishambuliwa na ubwiri unga. Sasa anaomba mkopo mwingine wa kununua salfa ili msimu ujao usimharibikie tena. Kikundi kikimnyima, huenda akaangukia kwa wanunuzi wa kangomba, wanaochukua korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Kikimpa na akashindwa tena, hasara ni ya akiba ya wenzake.

Mwezeshaji asiye na ujuzi atauliza: "Wanachama, tumpe tusimpe?" Watakaojibu ni wawili au watatu wenye sauti kubwa. Wengine wataitikia "ndiyo" kwa pamoja, kisha watanung'unika njiani wakirudi nyumbani.

Mwenye ujuzi huanza kabla ya siku ya kikao. Anazungumza na mdaiwa faraghani ili asije kushtukizwa mbele ya watu, na anamwomba mweka hazina hesabu kamili. Kikaoni anatenganisha maswali: deni la zamani litalipwaje? Mkopo mpya una dhamana gani? Katiba yetu inasemaje? Kisha anawagawa watu katika makundi madogo, wanawake peke yao, vijana peke yao na wazee peke yao, kwa kuwa anayenyamaza mbele ya watu 25 mara nyingi huzungumza mbele ya watano.

Mzee akiongea kwa muda mrefu, hakatizwi kwa ukali. Inatosha kusema: "Asante mzee wetu, hoja yako tumeipata na katibu ameiandika. Sasa tuwasikie ambao hawajasema." Swali likikosa jibu, mwezeshaji asikimbilie kulijibu mwenyewe. Asubiri. Ukimya mara nyingi maana yake ni kwamba watu wanafikiri.

Mwishoni asiulize "tumekubaliana?" Aulize: "Ni kitu gani kinaweza kutuzuia kutekeleza hili?" Hapo ndipo wasiwasi uliofichwa hutoka. Kisha yaandikwe mambo matatu na yasomwe kwa sauti: nani atafanya, atafanya nini, na lini.

Mtwara na Lindi wana historia ya kazi hii

Katika miaka ya 1990, mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland ulitumia mbinu shirikishi katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Katika mbinu hizo, wanakijiji huchora ramani ya kijiji chao ardhini kwa vijiti, na hupanga matatizo kwa uzito kwa kutumia mbegu. Robert Chambers, mtafiti wa Uingereza anayejulikana sana kwa mbinu hizi, alisisitiza kwamba mtaalamu akabidhi fimbo, yaani aache wenyeji wachore na waeleze wenyewe.

Mbinu ya mbegu inafaa hadi leo. Mpe kila mwanachama korosho tatu aziweke kwenye jambo analoona ni zito zaidi. Asiyejua kusoma anashiriki sawa na katibu, na matokeo yanaonekana na wote.

Kikao kinapohamia kwenye simu

Siku hizi wanachama wengine wako Dar es Salaam au Mtwara mjini, na mazungumzo yanaendelea kwenye WhatsApp. Hapa hatari ni nyingine. Mwenye kitochi hayumo kabisa. Mwenye simu janja anaweza kuwa hana bando. Na dole gumba si kura: linaweza kumaanisha "nimekubali" au "nimeona" tu.

Mwezeshaji afanye hivi:

- Atangaze mapema saa ya kuanza na ya kumaliza, na aweke swali moja kwa wakati mmoja.
- Ampangie kila mwenye kitochi mwenzake wa kumpigia na kuleta maoni yake.
- Aruhusu ujumbe wa sauti, lakini mfupi, na katibu auandike kwa kifupi.
- Aite majina mmoja mmoja kabla ya uamuzi, na asihesabu ukimya kuwa ni kukubali.
- Wengine wakiwa chini ya mwembe na wengine wakisikika kwa spika ya simu, aanze na walio kwenye simu, kwa kuwa ndio husahaulika haraka.
- Ugomvi ukizuka, autoe kwenye kundi na awapigie wahusika. Maneno makali yaliyoandikwa husomwa tena na tena.

Ujuzi unajengwaje?

Mafunzo husaidia, ila ujuzi hukua kwa kurudia. Waendeshe wawili: mmoja anaongoza, mwenzake anaweka alama kwenye daftari kila mtu anapozungumza. Kikao kikiisha, wahesabu alama hizo. Ikiwa watu wanne wamezungumza na 21 wamenyamaza, kikao kijacho kipangwe tofauti. Kisha wajiulize: wapi tulisaidia, wapi tuliingilia, na nani aliondoka bila kuridhika?

Kwa yule mkulima aliyekosa salfa, jibu la kikundi linaweza kuwa ndiyo au hapana. Atakaposhindwa kulipa, au atakapolipa yote, wanachama 25 wataulizana uamuzi ule ulikuwa wa nani. Mwezeshaji amefanya kazi yake kama kila mmoja anaweza kujibu kwamba na yeye alikuwamo.