Umeme Huenda na Kurudi: Taa za Nyuma za Gari la Zamani

Katika somo lililotangulia uliona kwamba balbu haiwaki mpaka umeme upate njia kamili. Ni lazima umeme utoke kwenye betri, upite katika balbu, kisha urudi kwenye betri. Njia hiyo huitwa sakiti. Sasa tutaitumia kanuni hiyo kutafuta hitilafu katika taa za nyuma za gari la zamani.

Gari lenyewe ni MGB, gari dogo la spoti lililotengenezwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi 1980. Zaidi ya magari 500,000 ya aina hii yalitengenezwa, na mengi yangali yanatunzwa na kuendeshwa. Lakini hata lililo jipya kuliko yote lina umri wa zaidi ya miaka 40, na nyaya huzeeka. Taa ya breki isipowaka, dereva anayefuata nyuma hajui kwamba gari la mbele linasimama. Hitilafu ndogo kama hiyo yaweza kupoteza maisha ya watu.

Balbu na nyaya zake

Ukifungua kifuniko chekundu cha taa utaona balbu yenye filamenti mbili. Filamenti ndogo, ya wati 5, huwaka usiku ili gari lionekane. Filamenti kubwa, ya wati 21, huwaka dereva anapokanyaga breki. Betri ni ya volti 12. Gawanya 21 kwa 12: utaona kwamba filamenti kubwa hupitisha mkondo wa ampea 1.75. Huu ni zaidi ya mara nne ya mkondo wa filamenti ndogo.

Kila waya una rangi inayoonyesha kazi yake:

Mwekundu: taa ndogo ya usiku.
Kijani wenye mstari wa zambarau: taa ya breki.
Kijani wenye mstari mwekundu: taa ya kugeukia kushoto.
Kijani wenye mstari mweupe: taa ya kugeukia kulia.
Mweusi: njia ya kurudi, uliofungwa kwenye bodi.

Njia ya kurudi

Mbona nyaya za kurudi hazifiki mpaka kwenye betri? Ni kwa sababu bodi ya gari ni ya chuma, na chuma hupitisha umeme. Ncha moja ya betri imefungwa kwenye bodi. Umeme ukiisha kupita katika balbu, huingia katika bodi na kurudi kwenye betri. Kwa hiyo bodi nzima hufanya kazi ya waya mmoja mnene.

Lakini kutu haipitishi umeme vizuri, wala rangi haipitishi. Maji yakiingia mahali taa inapogusana na bodi, chuma hupata kutu na njia ya kurudi huzibika.

Jaribio

Vifaa: betri mbili za tochi, balbu ya tochi, nyaya tatu, msasa, na kopo la bati lililopakwa rangi.

1. Kwangua rangi kwa msasa mahali pawili kwenye kopo.
2. Panga betri kwa kufuatana. Unganisha ncha yao moja na kitako cha balbu.
3. Unganisha ubavu wa balbu na mahali pa kwanza palipokwanguliwa.
4. Unganisha ncha ya pili ya betri na mahali pa pili. Balbu inawaka. Kwa nini?
5. Sogeza waya mmoja mpaka kwenye rangi. Unaona nini?

Tumia betri za tochi tu. Usijaribu kamwe kwa umeme wa nyumbani.

Kutafuta hitilafu

Fundi asiye na subira hutupa balbu na kununua nyingine. Fundi mwangalifu hupima kwanza. Huitazama balbu kama filamenti zimekatika, kisha huitazama fyuzi. Vikiwa vizima, huchukua taa ya kupimia. Huku mwenzake akikanyaga breki, yeye hugusisha waya mmoja wa taa hiyo mahali umeme unapoingilia kwenye balbu, na wa pili kwenye chuma safi cha bodi. Taa ya kupimia ikiwaka vizuri, njia ya kwenda ni nzima. Basi hitilafu iko katika njia ya kurudi.

Iko dalili nyingine. Breki inapokanyagwa, taa ya breki huwa hafifu, na taa ndogo za mahali pengine huwaka kidogo bila kuwashwa. Umeme ukikosa njia yake, hupita katika filamenti ndogo, ukarudi nyuma kwa waya mwekundu, ukatafuta bodi kupitia taa nyingine.

Kutengeneza

Kwanza, tenganisha betri. Fungua taa, ukwangue kutu na rangi mpaka chuma king'ae. Safisha viungo vya nyaya, na badili waya uliopasuka ganda. Funga waya mweusi mpya kutoka kwenye taa hadi kwenye chuma safi, ukaze barabara, kisha upake grisi juu yake ili kuzuia maji. Rudisha betri na ujaribu taa zote.

Fyuzi ikikatika, usiweke msumari wala waya mahali pake. Fyuzi hukatika ili nyaya zisiungue.

Maswali

1. Kwa nini bodi ya gari yaweza kutumika badala ya waya?
2. Balbu ni nzima, nayo taa ya kupimia inawaka vizuri, lakini taa ya breki haiwaki. Utatafuta hitilafu wapi?
3. Kwa nini njia mbovu ya kurudi huonekana upesi zaidi breki inapokanyagwa?
4. Fungua tochi. Onyesha njia ambayo umeme hupita wakati wa kurudi kwenye betri.